Mpishi Aliyepelekwa Kutazama Daraja

Mfaume bin Twalibu alizaliwa Tabora, mtaa wa Gongoni, mtoto wa mshona kanzu. Upishi alijifunza enzi ya Mjerumani, na mkate wake ulisifiwa hata na watu wasiopenda kusifu kitu. Nilipomjua mimi alikuwa jirani yetu, mzee tayari. Ukimuuliza mambo ya zamani alijibu neno moja, basi. Habari hii alinipa vipande vipande, kwa miaka.

Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, Nassibu. Wabelgiji walipoingia Tabora mwaka 1916 walitaka wapagazi, na Nassibu alikamatwa sokoni, mkononi ana kuku aliyemnunulia mama yao. Kuku alirudishwa nyumbani na jirani. Nassibu akatwishwa sanduku la risasi, akaelekea magharibi.

Vita vikaisha. Mwingereza akashika Tabora, Mbelgiji akabaki na upande wa Kigoma, na kwenye Mto Malagarasi wakaweka askari huku na huku. Hapiti mtu bila cheti. Mfaume alikwenda kuomba cheti mara tatu, na mara tatu aliambiwa angoje.

Ndipo mchuuzi mmoja wa dagaa, aliyekuwa na cheti chake, akamletea habari.

"Ndugu yako yu hai. Anakata kuni za gari moshi, ng'ambo ya daraja tu. Bado anaimba kwa pua."

Mama yao, Bi Kuluthumu, alikuwa haoni tena. Tangu siku hiyo, kila Mfaume alipotoka kazini, hakuuliza jambo lingine. "Umeshapata njia?"

"Bado, mama."

Mwaka 1920 akaja Tabora Mzungu aliyekuwa akizunguka nchi kutazama mahali palipopiganwa vita, akafikia nyumba ya wageni alikopika Mfaume. Siku hizi tungemwita mtalii. Wapishi walimwita Bwana Miwani. Alikuwa mcheshi, anasema Kiswahili cha kuokoteza, na siku moja alipokuwa akila akasema anataka kwenda kwa gari moshi kuona kituo cha mpakani, apige picha daraja na askari, arudi na gari lilelile.

"Utakuja na chakula, Mfaume. Tutatembea!"

Mfaume aliniambia alimwaga mchuzi mezani. Bi Kuluthumu alipopata habari alifunga asali ya Sikonge katika kibuyu kidogo, akakiziba mdomo kwa nta, akampa mwanawe.

"Mwambie sijafa."

Waliondoka alfajiri, Bwana mbele katika behewa lake, Mfaume nyuma na kikapu. Walifika mchana. Kituo kilikuwa kibanda cha mabati, tangi la maji, magunia ya mchanga, na askari wengi kuliko abiria. Mbele yao daraja. Ng'ambo, marundo ya kuni na watu wadogowadogo wakizunguka huku na huko.

Mfaume alipomaliza kumwandalia Bwana chakula akajipa moyo.

"Bwana, nina ombi. Ndugu yangu yuko kule. Anaitwa Nassibu bin Twalibu, mkata kuni. Ukivuka, nakuomba uulize kama yupo. Na kibuyu hiki ni chake, ametumiwa na mama."

Bwana Miwani alimshika bega. "Kumbe! Ndugu yako! Nitauliza, Mfaume. Nitauliza mkubwa wao mwenyewe." Akatia kibuyu katika mfuko wake wa ngozi, pamoja na kamera.

Akaenda. Askari wa huku walimpigia saluti, na Mbelgiji mmoja akatoka kumlaki katikati ya daraja. Wakapeana mikono, wakacheka, wakapotelea ng'ambo. Mfaume alisogea mpaka kwenye kamba iliyofungwa ukingoni.

"Nyuma, mpishi," akasema askari.

"Natazama tu, afande."

Kule ng'ambo wakata kuni walikuwa wakipanga magogo. Mfaume aliwatazama mmoja mmoja hata macho yakamwuma. Kisha, bila kupanga, akapaza sauti: "Nassibu!"

Watu watatu au wanne waliinua vichwa. Mmoja akanyanyua mkono. Huenda alikuwa akijibu, huenda alikuwa akifuta jasho. Kwa umbali ule usingejua. Mfaume hakupata nafasi ya kuita tena. Kitako cha bunduki kilimpiga mbavuni, akakaa chini.

Bwana alirudi firimbi ya kwanza ya gari ikilia, uso mwekundu kwa mvinyo. Alimwonyesha Mfaume kifungo cha shaba alichopewa na yule Mbelgiji, akamweleza walivyokula samaki.

"Na ndugu yangu, Bwana?"

Bwana Miwani akafungua mfuko. Kibuyu kilikuwa mle mle.

"Ah, Mfaume. Nimesahau. Samahani sana. Nitawaandikia barua, eh?"

Gari likaondoka.

Nyumbani Bi Kuluthumu alisikia hatua zake mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umemwona?"

"Sikumwona."

Bibi yule alinyoosha mkono, akakigusa kibuyu, akakuta nta haijabanduliwa. Akaomba maji ya kunywa. Hakuuliza tena habari ya Nassibu hata siku moja, na kabla mwaka haujaisha walimzika.

Mwaka uliofuata Mbelgiji aliiacha Kigoma na mpaka ukaondolewa. Mfaume alivuka daraja kwa miguu. Hapakuwa na mtu wa kumzuia. Alikuta visiki, majivu, na mama mmoja auzaye mihogo.

"Wakata kuni walipelekwa Kongo, wakavushwa ziwa," yule mama akamwambia. "Wengine homa iliwamaliza hapa hapa. Nassibu yupi, baba? Walikuwepo akina Nassibu wengi."

Alikaa siku tatu akiulizauliza, akarudi Tabora kuwapikia Wazungu wengine. Barua ya Bwana Miwani, kama iliandikwa, haikupata jibu.

Nilimwuliza kama alimchukia mtu yule.

"Hapana," akasema. "Hakuwa mtu mbaya. Alisahau."