Mteja wa Kwanza Dukani kwa Baba

Nilipokuwa mtoto, kabla hata sijaanza darasa la kwanza, nilikuwa na kazi moja niliyoiona kubwa kuliko kazi zote za Kariakoo: kumfungulia baba biashara. Makufuli aliyafungua mwenyewe. Kazi yangu mimi ilikuwa kuwa mteja wa kwanza. Baba aliuza vifaa vya ushonaji, yaani nyuzi, zipu, vifungo, lesi na bitana, na kama wafanyabiashara wengi wa mtaa ule aliamini kwamba siku nzima inafuata mkono wa anayenunua kwanza. Akifungua mwenye mkono mwepesi, wateja wanamiminika. Akifungua mwenye mkono mzito, utakaa kwenye kigoda unafukuza nzi mpaka magharibi. Baba hakutaka kubahatisha. Kila asubuhi alinipa sarafu nje ya mlango, akaingia ndani, nami nikamfuata na kusema kwa sauti ya mtu mzima, "Niuzie uzi mweupe." Akaipokea ile sarafu, akaigusisha kwenye bidhaa zake rafu moja baada ya nyingine, huku akisema bismillahi, kisha akanikabidhi uzi wangu. Nilitoka pale nikitembea kama mwenye mtaa.

Kisha ikaja mvua ya masika iliyonivua cheo. Asubuhi hiyo nilinunua uzi wangu kama kawaida, na kabla ya adhuhuri mtaro wa mbele ya duka ukafurika. Maji yakaingia mpaka kwenye marobota ya bitana. Jioni, nyumbani kwetu mtaa wa Gerezani, bibi, mama yake baba, alimtazama mwanawe akikamua suruali akamuuliza, "Nani kafungua leo?"

Baba akaninyooshea kidevu.

"Basi. Huyu mkono wake mzito. Kesho mchukue Warda."

Mvua ile ilinyesha mtaa mzima, hata kwenye maduka yaliyofunguliwa na wenye mikono myepesi kama unyoya. Lakini nani anamsikiliza mtoto wa miaka sita? Warda, mdogo wangu, alikuwa na miaka minne na bado alikuwa akivaa viatu kushoto kulia. Kesho yake akapelekwa, akanunua uzi, na haijatimia saa nne akaingia fundi aliyepata kazi ya kushona sare za shule nzima, akabeba zipu na vifungo kwa maboksi. Ikawa imekwisha hiyo. Warda ndiye mkono mwepesi, na mimi nikabaki kuwa mtoto mkubwa wa nyumba.

Nilimwonea wivu mpaka nikashindwa kula naye sahani moja. Mimi niliandikishwa shule ya Upanga. Yeye akaandikishwa ya karibu na duka, ili apite kwa baba kwanza kila asubuhi. Nikiwa njiani peke yangu na begi langu, nilimwona akilini ameshikwa mkono na baba, ananunuliwa andazi la moto, anasalimiwa na mafundi wa barazani. Jioni baba alivua kofia yake na kusema, "Leo Warda kanifungulia vizuri." Hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Lakini aliisema karibu kila siku, na kila siku ilinichoma palepale. Watu wazima husahau kwamba mtoto asiyesifiwa naye ana masikio.

Nilipofaulu kwenda chuo kikuu baba alifurahi sana. "Wewe mwanangu kichwa chako ni cha vitabu," aliniambia, nami nikasikia lile ambalo hakulisema, kwamba dukani sihitajiki. Nilichukua masomo ya biashara, eti ili nimwonyeshe. Lakini miaka miwili ya mwanzo nilisoma kivivu, nikikaa viti vya nyuma, nikijiona mtu aliyeondolewa kwao kwa heshima. Kitu kimoja tu kilinifurahisha pale chuoni: hakuna aliyemjua Warda. Nilikuwa nimepata mahali ambapo mkono wake haufiki.

Mwisho wa mwaka wangu wa pili, matokeo ya kidato cha sita yakatoka. Warda alikuwa amefaulu kuliko nilivyofaulu mimi. Jumamosi hiyo nilishuka kwenye basi la mwendokasi, nikaenda moja kwa moja dukani, nikamkuta kwenye stoo ya nyuma akipanga vifungo. Hakunisalimia hata.

"Dada, baba kaniambia nisubiri. Anasema nikiondoka duka litakufa."

"Usubiri mpaka lini?"

"Hajasema. Na maombi ya chuo yanafungwa wiki ijayo. Nisemee, dada. Wewe atakusikiliza."

Moyo wangu ulisema hapana. Nasema ulivyokuwa. Niliona viti vyangu vya nyuma vinachukuliwa, niliona wahadhiri wakimpenda, niliona hata chuoni naanza kuitwa dada yake Warda. Nikamjibu, "Kwani duka lina ubaya gani? Watu huko mtaani wanalia hawana ajira."

Akaacha kupanga vifungo. "Unajua nilikuwa nachapwa?"

"Na nani?"

"Na mwalimu wa zamu. Baba anafungua saa moja na nusu, kengele ya shule saa moja. Nikitoka kumfungulia, nakuta geti limefungwa. Tangu darasa la kwanza, dada. Napiga magoti na wachelewaji wenzangu, nachapwa, ndiyo naingia darasani."

"Mbona hukusema?"

"Nitasemaje, na baba alivyokuwa anafurahi? Nilikuwa nakuona wewe unabeba begi lako unajiendea zako. Nilikuwa nakuonea wivu mimi! Mpaka leo."

Kwanza nilikasirika. Miaka yote nilidhani wivu ndani ya nyumba ile ni mali yangu peke yangu. Halafu nikamwona vizuri, yule msichana mrefu aliyesimama katikati ya maboksi, na andazi la moto nililokuwa nimemtungia akilini likanishinda kulimeza. Nilimwambia Jumatatu achelewe kutoka nyumbani.

Sitajipamba kwamba nilikwenda kwa ajili yake tu. Cheo changu nilikitaka pia. Jumatatu baba alipomaliza kufungua makufuli alinikuta nimesimama mlangoni. Akachungulia nyuma yangu.

"Warda yuko wapi?"

"Anakuja. Shikamoo baba."

"Marahaba. Chuo mmefunga?"

"Nimekuja kununua. Niuzie uzi mweupe."

Mkono wake ukabaki kwenye rafu. Nilijua nilichokuwa nimemfanyia. Baba huyuhuyu alitufundisha tangu wadogo kwamba mteja wa kwanza harudishwi. Hata akitaka kupunguziwa bei kupita kiasi, mwachie, kwa sababu ukimrudisha umefukuza riziki ya siku nzima. Sasa mteja wa kwanza alikuwa mimi na mkono wangu mzito. Akinikubali, ana hatari. Akinikataa, ana hatari. Akatazama barabarani kama kuna mtu mwingine yeyote anayekuja. Hakukuwa na mtu.

"Ngoja kidogo mwanangu, nipange kwanza..."

"Baba, mteja wa kwanza anaambiwa angoje?"

Akacheka bila kupenda. "Yaani nimekusomesha uje kunibana mimi?"

Akaniuzia. Alizigusisha pesa zangu kwenye bidhaa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona, midomo ikimchezacheza, mpaka kwenye boksi la sindano. Mimi nikavuta kigoda nikakaa. Wateja walikuja kama wanavyokuja Jumatatu. Wengine walinunua, wengine waliuliza bei wakaenda zao, na fundi mmoja alirudisha zipu iliyokwama. Kila duka lilipotulia kidogo baba alinitupia jicho, nami nikajifanya nasoma simu. Niliomba kimoyomoyo lisitokee baya lolote, asiingie hata panya.

Tulipokuwa tunafunga, alisimama katikati ya duka akashika kiuno. "Siku ya kawaida," akasema, kama mtu aliyetafuta kitu akakikosa.

"Ya kawaida, baba."

"Na kesho utakuja?"

"Nitakuja likizo yote."

Akavuta geti la chuma. Alipomaliza, akasema bila kunitazama, "Mwambie mdogo wako akajaze hayo maombi yake." Nilimweleza pia habari ya viboko, tukiwa tunatembea kurudi Gerezani. Alisimama njiani akaniuliza mara mbili kama ni kweli. Usiku ule hakula.

Baba hajaacha imani yake, na mimi sijamwomba aiache. Siku hizi anafunguliwa na mtoto wa jirani, ila amechagua yule anayesoma zamu ya mchana, na andazi anamnunulia kweli.

Ningependa kuandika kwamba wivu umeniisha. Haujaniisha. Warda yuko mwaka wa kwanza, mimi mwaka wa tatu, tunakaa chumba kimoja hosteli, na yote niliyoyaogopa yamekuwa. Wahadhiri wanamjua kwa jina. Alama zake za muhula wa kwanza zilizipita zangu zote. Lakini utotoni nilimwonea wivu kwa jambo ambalo lilikuwa likimuumiza, na sikulijua kwa sababu sikuwahi kumuuliza. Sasa naona anachokifanya, na ninajua kinamgharimu nini. Wivu wa namna hii angalau unanionyesha pa kwenda.

Kila alfajiri namsikia akitafuta viatu vyake kwenye giza, polepole ili asiniamshe. Anawahi darasa ambalo halina geti wala mwalimu wa zamu, na hufika kabla ya wafagiaji. Mwanzoni nilikuwa najifunika shuka mpaka kichwani. Siku hizi nanyoosha mkono nawasha taa, namwambia, "Nisubiri."