Fistula ya Fundi Abdulmajid

Kwa miaka miwili Fundi Abdulmajid alishona akiwa amekalia tako moja. Wateja wake wa Mtaa wa Congo, Kariakoo, walidhani ni mazoea tu.

Yalianza na jipu pembeni ya njia ya haja kubwa. Zahanati walilipasua, usaha ukatoka, akapata nafuu. Lakini kidonda hakikufunga. Kilibaki kitundu kilichovuja leo, kikanyamaza kesho. Akajiaminisha ni bawasiri, akanywa dawa za mizizi mpaka akachoka na uchungu wake. Kilichomtesa zaidi ni sala. Akitawadha, nguo ilishalowa kabla hajafika msikitini. Mtu aliyezoea safu ya mbele tangu ujana wake akaanza kuswalia nyumbani Magomeni, na akiulizwa husingizia kazi.

Mkewe, Siti, alikuja kukuta vitambaa alivyokuwa akivificha chini ya kabati. Hakumgombeza. Alimwambia, "Baba Najma, kesho hufungui cherehani. Tunaenda hospitali."

Bingwa wa upasuaji akawa mwanamke, Dokta Jacqueline. Abdulmajid alitaka kugeuza, ila Siti alikuwa amesimama mlangoni. Akapimwa, akapigwa picha ya MRI, akaambiwa ana fistula. Si ile ya kina mama ya uzazi. Hii ni njia nyembamba iliyochimbwa na usaha, kutoka ndani karibu na tundu la haja hadi kwenye ngozi ya nje.

Akiwa na hilo jina kifuani, alimweleza Jayant, muuza vitambaa jirani yake. Jayant akarudishia mlango wa stoo na kukiri kwamba naye iliwahi kumpata. Yeye walimpasua ile njia yote ikawa wazi, ikajijaza nyama kuanzia chini, na baada ya wiki sita alikuwa mzima. Kesho yake Abdulmajid akarudi kwa daktari kuomba upasuaji huohuo.

Dokta Jacqueline akamchorea kwenye karatasi. "Ya jirani yako ilipita juujuu," alisema. "Yako imetoboa katikati ya msuli unaobana choo. Kuipasua ndiyo njia ya uhakika zaidi ya kuponya, sikufichi. Ila nitakata msuli mwingi, na huenda ukashindwa kuzuia upepo wa tumboni, pengine hata choo."

Abdulmajid aliufuata ule mchoro kwa kidole. Kupona kidonda halafu ashindwe kukaa na udhu, aliona ni kutoka shimo hili na kuingia lingine. Akauliza kuna nini kingine. Daktari akamweleza kuhusu gundi maalumu, ambayo haikati kitu lakini mara nyingi tatizo hurudi; kuhusu kuziba mlango wa ndani kwa kipande cha ukuta wa utumbo; na kuhusu kuifunga njia yenyewe pale inapopita kati ya tabaka mbili za msuli huo, bila kuukata msuli. Hiyo ya mwisho huponya wengi, si wote. Na kabla yake angewekewa uzi mlegevu ndani ya njia, usaha uwe unatoka na uvimbe utulie.

"Nifungie," alisema Abdulmajid. "Ikirudi, nitarudi."

Alikaa na uzi miezi mitatu, akikalia beseni la maji ya uvuguvugu asubuhi na jioni, na Siti akihakikisha mboga za majani hazikosekani mezani. Kisha akafungiwa. Wiki sita akawa mkavu kabisa. Wiki ya saba nguo ikalowa tena. Siku hiyo alilia mbele ya mkewe, kitu ambacho hakuwahi kukifanya.

Lakini alikuwa ameahidi kurudi, akarudi. Dokta Jacqueline alimpima, akaitazama picha mpya, akatabasamu. Sehemu iliyotoboa msuli ilikuwa imeziba. Iliyobaki ni njia fupi, ya juujuu. "Sasa hii ni kama ya jirani yako," alisema. "Hii naweza kuipasua, na msuli wako utabaki na nguvu zake."

Akapasuliwa, na safari hii kidonda kikajaa taratibu, wiki baada ya wiki, mpaka kikafunga. Mwezi wa kwanza ulipita mkavu, wa pili vivyo hivyo, na upepo aliuzuia kama mtu mwingine yeyote. Katika mwezi wa nne daktari aliandika kwenye faili kwamba amepona, naye akaomba aisome mwenyewe ile sentensi.

Ijumaa iliyofuata aliwahi msikitini, akakaa safu ya mbele. Hotuba ilikuwa ndefu, wengine wakaanza kubadili mikao. Abdulmajid alikaa ametulia tuli, uzito wake wote sakafuni. Baada ya sala, mzee aliyekuwa pembeni yake alimuuliza alikuwa wapi siku zote hizo.

"Nilikuwa na fistula, mzee wangu," alijibu kwa sauti yake ya kawaida. "Wameitibu. Nimepona."