Sauti Iliyogoma Kutoka

Mama Waya alikuwa na ugonjwa ambao hakuna hospitali iliyoutibu: hakupata raha mpaka ajue kwa nini kitu kimeharibika. Kukitengeneza kwake lilikuwa jambo la pili. Mafundi wenzake wa kompyuta walimcheka, maana mteja angeshachukua mali yake na kwenda zake, naye bado ameshika tama akikitolea macho kipande kibovu kilichobaki mezani.

Jumanne moja asubuhi aliingia karakanani kwake mzee mrefu, shati limepigwa pasi likanyooka, akifuatana na binti yake mtu mzima. Mzee alikuwa mwalimu mstaafu. Miaka tisa nyuma alipasuliwa koo, sauti ikaenda moja kwa moja, na tangu hapo alizungumza kwa daftari na kalamu. Binti aliweka mezani kisomeo cha CD, kile cha zamani cha kuchomeka nje ya kompyuta kwa waya, pamoja na CD moja.

"Humu mna sauti ya baba," alisema. "Walimrekodi akifundisha. Hatuna nyingine. Lakini kompyuta yangu inakikataa hiki kidude, inasema haikitambui."

"Ulijaribu kompyuta ya mtu mwingine?"

"Tatu, dada. Zote zinakikana." Akashusha pumzi. "Nikwambie ukweli, nimeanza kuisahau. Nikijaribu kuikumbuka sauti yake, nasikia yangu mwenyewe."

Mwalimu aligeuka kutazama ukuta, ingawa ukutani hapakuwa na kitu. Mama Waya aliona, na moyo ukamuuma. Kisomeo chake mwenyewe kilikuwa kimekata roho mwaka uliopita, na vingine vilishaadimika madukani. Ilikuwa hicho hicho au basi.

Akakichomeka. Kompyuta ikalia mlio wake wa kuudhika na kuandika kwamba kifaa hakitambuliki. Kila mtu angesema ni programu, kompyuta mpya zina maringo na vitu vya zamani. Yeye naye akasema hivyo hivyo. Akafuta programu ya kisomeo, akaizima mashine, akaiwasha, akaiweka programu upya. Akahamisha waya tundu hadi tundu. Saa nzima ikayeyuka hivyo, akatoka kapa.

Hapo ndipo alipoacha kutazama kioo, akainamisha sikio. Kisomeo kililia tik, tik, tik, kikanyamaza. Akakichomoa na kukirudisha bila CD ndani. Safari hii jina lake likatokea kwenye kioo, likakaa sekunde kadhaa. Akatia CD. Ikaanza kuzunguka, na papo hapo jina likapotea.

"Hee, kumbe," alisema polepole, na uso ukamchangamka. "Kompyuta haijakikataa. Inakiona kabisa. Kikijaribu kufanya kazi tu, kinazimia."

"Kinaumwa?" binti aliuliza.

"Kina njaa. Umeme haukitoshi."

Sasa ndio akaupapasa waya wenyewe, toka mwanzo hadi mwisho. Karibu na kichwa cha kuchomeka palikuwa na kivimbe kilichozungushiwa karatasi ya gundi kwa unadhifu wa ajabu. Akaibandua. Ndani mlikuwa na kishina cha waya wa pili uliokatwa kwa mkasi.

"Waya huu ulikuwa na vichwa viwili," alisema. "Kimoja cha kupitisha habari, kingine cha kuongeza umeme. Nani alikikata?"

Mwalimu alinyoosha mkono juu, kama wanafunzi wake wa zamani. Akaandika, akamgeuzia daftari: *Nilidhani kimezidi.*

"Baba huyu," binti alisema, "hata barua zangu alikuwa anazirudisha amekata maneno yaliyozidi kwa wino mwekundu."

Mama Waya alicheka hadi akashika meza. Akavuta boksi la chini, lile ambalo mumewe kila mwaka alimwomba alitupe, akachakura hadi akapata waya wa vichwa viwili. Akachomeka vyote. Kisomeo kikavuma kwa utulivu, jina likakaa, na faili moja ikajitokeza.

Akaibonyeza.

Kwanza madawati yalikwaruza sakafu. Mtoto akakohoa. Kisha ikaja sauti nzito, isiyo na haraka, ya mtu ambaye hajawahi kuhitaji kuipaza: "Wewe wa nyuma. Kaa vizuri."

Binti akanyoosha mgongo kitini. Akabana miguu, mikono akaiweka magotini, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, kabla hata hajajua amefanya nini. Mwalimu alimwona. Mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko kisicho na sauti, na machozi yakamshuka hadi kwenye kola.

Sauti iliendelea kufundisha. Binti hakuulegeza mgongo.

"Nimekaa, baba," alisema.