Kinanda cha Saumu Chenye Sauti Tano

Volkano iliposhuka mjini Goma Januari 2002, Saumu alikimbia na watoto wake wawili, sufuria moja na Kurani ya marehemu mama yake. Kinanda chake kilibaki ndani ya nyumba waliyopanga mtaa wa Birere, kimeegemea ukuta, kimefunikwa kitambaa cha kijani. Waliporudi kutoka Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, mtaa wenyewe haukuwepo. Palikuwa na mawe meusi yanayofuka moshi, na watu wamesimama juu yake wakibishana mlango wa nani ulikuwa wapi.

Alihamia mtaa wetu wa Mabanga, kwa mdogo wake Mahamudi, fundi wa redio, tuliyepakana naye ukuta. Ndipo nilipomfahamu. Baba yao, mtu wa Kasongo kule Maniema, alikuwa mpiga akodioni, na Saumu alijifunza kwa kumtazama vidole. Alipokuwa na kinanda, wanawake wa familia za Maniema hapa Goma hawakupanga tarehe ya harusi kabla ya kumuuliza kama ana nafasi.

Sasa alikaanga sambusa na kuuza. Mume wake, dereva wa lori, alikuwa safarini muda mwingi, kwa kuwa waasi waliotawala mji walijaza vizuizi barabarani na safari fupi zikawa ndefu. Harusi zilirudi polepole, zote za mchana, maana hakuna aliyetaka wageni wake wawe njiani giza likiingia. Saumu aliimba kwa ngoma tu. Nilimwona mara nyingi akisubiri mafuta yachemke huku vidole vyake vikicheza juu ya meza ya unga.

Mwaka uliofuata akiba yake ilifika mahali ambapo angeweza kununua kinanda kimoja cha bei ndogo. Alikwenda na Mahamudi kwa Paulin, mfanyabiashara kutoka Butembo aliyekuwa na duka la vyombo vya umeme hapa mjini. Paulin aliweka viwili juu ya meza. Bei zao zilikaribiana.

Cha kwanza kilikuwa kipya, chepesi kama sinia. Paulin alifinya kitufe kimoja, ngoma zikaanza, besi ikaingia, na wimbo mzima ukapigwa bila mtu kukigusa.

"Hii inajipiga yenyewe, mama," alisema. "Unafinya hapa tu."

"Na miye nitakuwa nafanya nini?"

Paulin alicheka. Cha pili kilikuwa cha zamani, kizito, chenye ubavu wa mbao na safu ya vifundo vya kuzungusha. Hakikuwa na ngoma wala wimbo wowote ndani yake. Kilikuwa cha hoteli moja ya Kampala, kikaja Goma katikati ya magunia ya maharage. Saumu alibonyeza noti moja na kuzungusha kifundo kikubwa taratibu. Sauti ikaanza kwa chini, imezibwa, kama mtu anayeongea chini ya blanketi, kisha ikafunguka mpaka ikajaza duka. Akakirudisha, akakifungua tena. Mwanamke aliyekuwa akichagua pasi aligeuka kusikiliza.

"Hii sitakuficha," Paulin akasema. "Iko na sauti sita ndani, zinapokezana: kila noti unapiga inachukuliwa na sauti moja, kwa zamu. Moja ilishakufa. Njo maana bei iko hivi."

Saumu akapiga noti moja moja. Tano zikalia, ya sita ikawa kimya. Tano tena, kimya.

Mahamudi akamvuta dada yake pembeni. "Yaya, kamata ile mupya. Kipande kilikufa mu hii ya zamani hakipatikane hapa Goma. Utakuja kunilaumu miye."

"Sitakulaumu."

"Mutu ananunua kintu chenye iko na tundu?"

"Ile nyingine ni nzima, lakini haina kitu ya kuniambia," Saumu akajibu, akafungua fundo la kanga.

Wiki hiyo alijuta. Nyimbo za harusi hazihesabu sita. Pengo la ile sauti iliyokufa lilitangatanga: mara lilimeza jina la bwana harusi, mara mwisho wa ubeti. Kinanda kikipata joto, sauti nazo zilipanda kidogo, na ilibidi Mahamudi azirudishe kwa bisibisi. Watoto walimcheka. Kupitia ukuta nilimsikia akipiga, akinyamaza, akisonya.

Kisha asubuhi moja nikasikia kitu kingine. Alikuwa ameacha kuufuata wimbo kwa kinanda. Aliuimba kwa mdomo, na vidole vikapiga mzunguko mfupi wa noti sita chini yake, tena na tena, ili kimya kiangukie mwishoni kila mara. Akikosea, alizima na kuwasha, hesabu ikaanza upya. Nilijikuta nimesimama na ufagio mkononi, nikitikisa mabega.

Harusi ya kwanza ilikuwa ya binti mmoja aitwaye Sumaya, kule mtaa wa Katoyi. Jenereta liliwekwa nyuma ya jiko. Saumu alianza mzunguko wake, na wanawake wakatulia, hawajui wacheze vipi. Shangazi wa bibi harusi, Mama Ramla, mwanamke mnene mwenye sauti kubwa, aliinamisha kichwa akisikiliza. Kimya kilipokuja, akapiga kofi moja. Kilipokuja tena, walipiga watatu. Haikuchukua muda, ukumbi mzima ukawa unangojea lile pengo na kulijaza kwa viganja.

Katikati Saumu aliruka noti moja, na pengo likahamia mwanzoni. Makofi yakaanguka juu ya noti, watu wakaangua kicheko.

"Imehama!" Mama Ramla akapaza sauti. "Muifuate!"

Wakaifuata. Sumaya mwenyewe, aliyetakiwa kukaa ameinamisha macho, alikuwa akipiga makofi chini ya shela.

Baada ya hapo watu walimwita kila mwisho wa juma, na wengine walisisitiza aje na "ile ya makofi." Miaka ilipita, waasi wengine wakaja na kuondoka. Mahamudi alipata hatimaye kipande kilichokosekana, kutoka kwenye kinanda kibovu cha Bukavu, akakifunga. Saumu alifurahi kupiga nyimbo nzima nzima, na alimpikia mdogo wake pilau ya kumshukuru.

Volkano ilipolipuka tena mwaka 2021 na mitaa mingi ya mji ikaamriwa kuhama, tulikwenda pamoja hadi Sake, kinanda kikiwa kimefungwa ndani ya godoro juu ya gari la mume wake. Tulirudi salama, na nyumba zetu zilikuwa zimesimama.

Siku hizi Saumu hatoki sana, miguu inamsumbua. Jumamosi wasichana wanne wa mtaa huja kwake kujifunza kinanda. Nikisikia wameanza, huvuta kiti changu karibu na ukuta nisikilize, huku nikiendelea kuchambua mboga.