Shimo Lililobaki Uani

Nilipokuwa kidato cha pili, ada yangu ilitoka kwenye chumba kimoja cha nyumba yetu pale Nachingwea. Baba alikiongeza kwa matofali mabichi ili tupangishe. Bondeni kwetu wengi walifanya hivyo. Viwanja vilikuwa rahisi, na udongo wa kufyatulia ulikuwa hapo hapo uani. Unachimba, unafyatua, unajenga, shimo linabaki. Baba alilichimba hatua nne tu kutoka ukutani, upande wa juu, asipate taabu ya kubeba matofali. Mama akawa anatupia humo maganda ya muhogo, tukalizoea.

Mpangaji wetu alikuwa mwalimu wa kike aliyehamishiwa kwetu kutoka Bukoba. Alinifundisha Jiografia, na hilo lilinitesa. Nyumbani nilimwamkia "shikamoo" halafu nakimbilia jikoni. Januari alilipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Baba akaipeleka yote shuleni.

Jumapili moja ya Machi mvua ilinyesha tangu asubuhi. Maji yakashuka kutoka mtaa wa sokoni, yakajaza shimo, yakafurika kuelekea nyumbani. Mimi ndiye niliyeona kwanza. Ukuta wa mwalimu ulikuwa umelowa kwa chini kama andazi lililochovywa kwenye chai. Yeye alikuwa ndani anasahihisha madaftari. Nilisogea hadi mlangoni pake, nikanyanyua mkono nipige hodi, nikaushusha. Nilirudi jikoni kumwambia Mama.

"Umeona, halafu ukaja kuniambia mimi?" Mama alinitazama mara moja tu, akakimbia.

Mwalimu alitoka na madaftari yetu na redio. Godoro halikuwahi. Ukuta ulikaa chini taratibu, kama mzee anayetafuta kigoda.

Mvua ilipokata, jirani akachungulia uani. "Hongera shemeji, umepata bwawa! Perege unaleta lini?"

"Cheka tu," Baba akamjibu. "Na lako lipo nyuma ya choo."

Jirani akaenda kulitazama la kwake, hakurudi.

Jioni ile tulikaa sebuleni wote wanne. Nilikuwa nimeshapiga hesabu kichwani. Imebaki miezi mitatu na zaidi. Mwalimu akitaka hela yake, Baba hana pa kuitoa ila aende shuleni akaombe irudishwe, na mimi nibaki nyumbani.

"Mwalimu," Baba alianza, macho yapo sakafuni, "ile kodi yako..."

"Najua ilipo, baba. Namwona darasani kila siku." Hakutabasamu. "Ila mimi nitalala wapi? Nikipanga kwingine lazima nilipe, na mshahara wenyewe mnaujua unavyochelewa."

Nilisikia maji yakidondoka kutoka kwenye bati.

"Chumbani kwangu," nikasema.

Wote wakanigeukia. Zaidi ya shikamoo, hilo ndilo neno langu la kwanza kwake mle nyumbani.

"Una hakika?" akaniuliza. Nikatikisa kichwa kukubali.

Basi nikahamia jikoni na mkeka wangu. Daftari hili ninaloandikia mambo yangu nililificha nyuma ya debe la unga, na kurasa za miezi ile bado zina vumbi jeupe. Baba alitumia wiki nzima kuzoa ukuta ulioanguka na kuurudisha shimoni ulikotoka. Haukutosha kulijaza.

Juni mwalimu alimaliza miezi yake, akahamia mtaa wa juu. Nilifagia chumba changu, nikarudisha mkeka. Nililala humo siku nne. Siku ya tano Baba alikuja na muuza mitumba kutoka Ruangwa, akamwonyesha dirisha na komeo la mlango. Nilikuwa nimekaa humo humo naandika.

"Mwanangu," Baba akasema kwa upole, "kidato cha tatu hicho."

Nilikunja mkeka mwenyewe.