Bi Zena na Neno Ulamaa

Harufu ya masizi ya chungu yaliyolowa maji hunirudisha Musoma hadi leo, Musoma ya enzi za Mwingereza. Masizi ndiyo yalikuwa wino wetu katika chuo cha Kurani. Tuliandika aya kwenye mbao na kuzikariri kwa kelele hata kuku wa jirani wakahama. Mwalimu wetu, Bi Zena, alikuwa mjane aliyekaanga samaki wa kuuza, sato wa ziwani, asubuhi na kusomesha mchana. Sheria yake ilikuwa moja: anayebahatisha jibu ataosha mbao za wote, anayesema hajui atafundishwa. Mimi niliosha mbao nyingi, maana nilikuwa binti mjuaji.

Basi wazee wakaanza kusema mwanamke hafai kusomesha dini. Bi Zena akaomba tupimwe kwanza; tukishindwa, chuo kifungwe. Siku ya Maulidi, shehe mgeni kutoka Bunda akatukalisha mbele ya wazee, wanawake wakiwa nyuma ya pazia.

Akauliza ulamaa maana yake nini, na neno lenyewe limetoka wapi. Wenzangu wakainamia mbao zao. Nikasimama, nikasema ni neno la Kiarabu, lina asili moja na elimu na mwalimu, na maana yake ni wenye kujua, wala si wenye vilemba vikubwa. Wazee kadhaa wakakohoa.

Shehe akauliza tena: ulamaa wa kwanza kusomesha hapa Musoma alikuwa nani? Jina la kubuni lilinifika mdomoni, nikalimeza.

“Sijui, shehe.”

Mzee mmoja akacheka. Shehe akataka kujua kwa nini sikubahatisha.

“Bi Zena anatufundishaga, asiyejua aseme hajui. Eti ndipo elimu inapoanzia.”

Shehe akawageukia wazee. “Aliyemfundisha mtoto huyu ni ulamaa. Watoto wabaki kwake.”

Vigelegele vilipasua pazia. Tulirudi tukigonga mbao zetu kama ngoma, mimi mbele, kichwa kimevimba. Niliamini chuo nimekiokoa mimi.

Miaka mingi baadaye, kwenye maziko ya Bi Zena, ndipo niliposikia kuwa ulamaa yule wa kwanza alikuwa baba yake mzazi. Siku ile Bi Zena alikaa nyuma ya pazia, hatua mbili kutoka niliposimama. Jibu alikuwa nalo, na chuo chake kilikuwa hatarini. Hakuninong’oneza.