Digrii Kumi kwenye Gari la Mpima

Gari lile lilikuwa nyumba. Nyuma kulikuwa na vitanda viwili vya kukunja, jiko la mafuta ya taa, beseni la kunawia na kabati la vyombo, na dirishani kuna pazia. Mzungu mmoja aliyekuwa akichunguza mbung'o porini ndiye aliyekuwa akilala humo kabla ya Uhuru. Alipoondoka aliliacha serikalini, likapita mikono mingi, mwisho likaangukia kwa mpima ardhi aliyetumwa kupanga vijiji vya Ujamaa upande wa Nzega. Alikuwa kijana mwenye miwani, mpole. Ramani zake alizichora humo, na ugali wake aliupika humo.

Alikuja mlangoni kwangu Tabora kwa sababu hakukuwa na mlango mwingine wa kwenda. Niseme mambo yalivyo. Darasa la nne niliacha katikati. Fundi saa wa mjini aliyenifundisha alinikalisha kwenye kigoda miaka mitatu, natazama tu, ndipo akaniruhusu kushika bisibisi. Nilipotoka kwake nilikuwa nazijua saa kuliko yeye, na hayo aliyasema mwenyewe mbele ya watu. Saa ya msikiti wetu naiendesha mimi. Saa za mabwana stesheni, kutoka Tabora mpaka Bukene, zote zimelala mezani kwangu. Nyumba ya bati nilijenga Itetemia kabla sijafika miaka thelathini, na hakuna ndugu aliyenipa hata msumari. Sikuomba.

"Ndugu fundi," mpima alisema, akigonga vioo viwili vya mviringo mbele ya usukani, "saa imekufa, na hiki nacho kimekufa."

Hicho cha pili kilikuwa kipimajoto. Uso wake ni kama wa saa, ila una mshale mmoja. Nyuma yake ulitoka mrija wa shaba, mwembamba kama unyasi, ukapita chini ya sakafu mpaka nje, ukaishia kwenye kichupa cha shaba kilichofungwa chini ya bodi. Kichupa kinasikia joto la nje, mshale unalisema ndani. Mrija ulikuwa umekatika. Huo ukikatika hauungwi, unatafuta kingine kizima.

"Joto la nje la nini?" nikamwuliza. "Si utoe mkono dirishani?"

"Mkono wangu haujui digrii," akacheka. Akanionyesha utepe wake wa chuma, umezungushwa kwenye gurudumu kama uzi. "Huu napimia vijiji. Jua likiuchoma unarefuka, na ukirefuka unadanganya. Lazima niandike joto la kila saa, nirekebishe hesabu."

"Hilo usinifundishe. Saa ya ukutani inachelewa mwezi wa kumi kwa sababu hiyohiyo. Ile fimbo yake inarefuka."

Akanitazama vizuri. "Umesoma wapi wewe?"

"Mezani kwangu."

Madukani miaka ile hukuti spea. Saa niliitoa kwenye gari dogo lililopinduka, kipimajoto nikakitoa kwenye chumba cha baridi cha bucha lililofungwa. Mpima alikuwa na haraka ya safari, basi tukakubaliana nimfungie hukohuko kazini. Nikauliza ni wapi. Akasema Lusu.

Lusu ndiko kwetu.

Sikumwambia. Mjini nilikuwa mtu wa mjini, mwenye kanzu na kofia, na sikuona sababu ya kuanza kueleza habari za kwetu mbele ya mtu wa ofisi. Tulifika Jumatano. Barabara ya kijiji kipya aliipanga juu ya njia ya zamani ya wapagazi, ile iliyokuwa ikipanda kaskazini kutoka Tabora, na vigingi vilikuwa vimeanza kushuka kandokando yake, kiwanja kwa kiwanja. Sheria ilikuwa hivi: nyumba iliyoangukia ndani ya vigingi inabaki. Iliyo nje inabomolewa, mwenyewe anahamia kwenye mstari. Mwisho ulikuwa Jumamosi.

Tembe la baba, nyumba ya paa bapa la udongo, lilikuwa nje ya mstari, kupita mahali kilipopangwa kigingi cha mwisho.

Nilimkuta amesimama nje ya ua wake wa minyaa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hilo gari la kulala ni lako?"

"Si langu, lakini haliendi bila mimi."

"Basi mwambie mwenye kamba aivute ifike hapa. Ni hatua themanini, nimezihesabu mwenyewe. Mama yako yumo humu ndani ya ua. Nikihama nimwachie nani?"

Kaburi la mama lilikuwa kando ya zizi. Nilikwenda nikalitazama, nikarudi.

"Wenzako wameshaanza kubomoa?"

"Wanang'oa nguzo, wanahamisha vihenge. Mimi nangoja neno lako."

"Wewe usibomoe," nikamwambia. "Kigingi kitakufikia."

Jirani yake, balozi wa nyumba kumi, alikuwa anapita na mwamba wa nyumba begani. Akasimama. "Nani kasema kitafika?"

"Mimi."

"Haya! Fundi saa leo amekuwa fundi wa ardhi. Mbuzi watatu walikushinda kuchunga, utaweza kuchunga mstari wa serikali?"

"Wewe beba mti wako," nikamjibu. "Utakuja kuniomba radhi."

Baba akacheka. Alikuwa hajacheka siku nyingi, balozi alisema.

Kazi niliifanya siku ileile. Saa kwanza: nikafungua, nikaunga nyaya, nikaiweka sawa na redio ya mpima. Kisha mrija. Niliupitisha tundu lilelile la zamani, nikaufunga kwa vipande vya mpira usisuguane na chuma, na kichupa nikakiweka upande wa kivulini, mbali na bomba la moshi. Fundi mwingine angekiweka popote. Halafu ikabaki kuupachika mshale. Nilikuwa nimeazima kwenye shule moja kipimajoto cha kioo chenye zebaki, ili nilinganishe. Zebaki ilisema thelathini na moja. Mpima alikuwa mbali na watu wake, wanapiga nyundo.

Niliushika mshale kwa koleo ndogo, nikaupachika kwenye arobaini na moja.

Hesabu yangu ilikuwa hii. Joto likizidi, utepe unarefuka. Mpima akiona joto limezidi, atajua utepe umerefuka, na mstari utakwenda mbali zaidi. Digrii kumi, hatua themanini. Kila digrii hatua nane. Niliiona inakaa vizuri kabisa kichwani, kama gurudumu lililoingia kwenye meno yake. Saa sikuigusa. Siwezi kuidanganya saa, hilo ndilo jina langu. Zebaki ya watu niliifunga kwenye pamba nikairudisha sandukuni.

Mpima alipoingia alivua miwani akaifuta. "Arobaini na moja! Hawa watu wa Lusu wanaishi kwenye tanuru?"

"Ardhi nyeupe hii, ndugu. Inalirudisha jua."

Akaandika. Alhamisi nzima aliandika, na Ijumaa. Mimi nilikaa kwenye kivuli cha gari, watu wananiletea saa zao mbovu kutoka hata nje ya Lusu, nazitengeneza palepale. Upande wa pili nilimwona baba anakandika ukuta wa mbele wa tembe kwa udongo mpya. Wenzake wote wanabomoa, yeye anakandika.

Ijumaa alasiri walipiga kigingi cha mwisho. Nilikwenda nikasimama penye kile kigingi, nikatembea hadi kwenye minyaa ya baba, nikihesabu. Themanini. Nikarudi nikihesabu tena. Themanini.

Mpima alikuwa anakunywa chai mlangoni mwa gari lake.

"Ndugu mpima," nikamwuliza, "joto likikosewa digrii kumi, mstari unahama kiasi gani?"

Akatoa penseli, akakokotoa pembeni ya daftari. "Kwa urefu wa kijiji hiki?" Akanyoosha kiganja, kidole gumba huku, cha mwisho kule. "Shubiri moja."

"Shubiri?"

"Haifiki mbali. Tena ukiandika joto kubwa kuliko lililopo, mstari unapungua. Unaamini utepe umerefuka, kumbe haujarefuka, basi unapima pungufu." Akanywa chai. "Kwa nini?"

"Nauliza tu."

Akanimiminia kikombe. Nilikipokea, nikakinywa chote, na sikumbuki kama kilikuwa na sukari. Sikuona aibu wala huzuni. Nilikuwa kama mkono uliolaliwa, unauona ni wako lakini ukiufinya husikii. Kwa baba sikwenda. Jua lilikuwa bado juu, mwendo ni hatua chache, na miguu nilikuwa nayo. Nilitengeneza saa ya balozi, ambayo haikuwa na haraka.

Jumamosi lori lilifika saa tatu kamili. Walishuka mgambo, wakaanza na nyumba mbili za mwanzo, zilikuwa zimekwisha kubomolewa, wakapakia nguzo. Kisha wakafika kwa baba. Alikuwa amekaa mlangoni, na ule ukuta mpya nyuma yake haujakauka.

"Mzee, mbona vitu vyako viko ndani?"

"Mimi sihami. Mwanangu amesema."

"Mwanao nani?"

Akanyoosha mkono. "Yule wa gari la kulala."

Wakageuka wote, mgambo, balozi na mpima aliyekuwa na daftari lake. Nilikuwa nimesimama na mkoba wa vyombo vyangu. Nilikuwa na maneno siku zote. Watu wa Tabora watakwambia sijawahi kushindwa kwa maneno.

"Bebeni taratibu," nikasema.

Baba alinitazama kidogo, kisha akainuka, akaingia ndani kutoa kigoda chake.

Dari la tembe ni udongo juu ya miti. Ukilivuta kwa haraka linashuka lote. Nguzo nyingi zilivunjika, maana hazikung'olewa kwa mpango kama za wenzake. Kihenge walikiinua kikiwa kimejaa, kikapasuka ubavuni, na mtama ukamwagika njia nzima mpaka kwenye lori. Balozi hakunitania. Alivua shati, akapiga magoti, akaanza kukusanya mtama na mchanga wake kwa viganja. Mimi nilifanya kama yeye. Kuku walikuja wengi.

Mpima aliniinamia. "Huyu ni mzee wako?"

"Ndiyo."

"Ungesema mapema, ndugu fundi. Kuongeza viwanja viwili vitatu mwisho wa mstari si jambo la ajabu."

Sijui kama ni kweli. Watu husema hivyo jambo likisha kupita, na mwaka ule niliona wazee wengi waliosema mapema na bado wakapakiwa. Lakini ni kweli kwamba sikusema. Nimejifundisha kila kitu maishani isipokuwa kumwomba mtu.

Mchana ule, mpima alipokuwa anaoga, nilifungua kioo nikaurudisha mshale mahali pake. Ulisema thelathini na tatu. Hakuuliza kwa nini joto limeshuka, labda aliona mvua inakaribia.

Baadaye nilimjengea baba nyumba kwenye kiwanja chake kipya, ya bati, ya kwanza kwenye mstari ule, na watu walikuja kuiona. Mtama uliopotea niliufidia mara mbili. Hakuniuliza lolote kuhusu ahadi yangu, si siku ile wala nyingine yoyote. Wageni wakimwuliza habari zangu, alisema nina kazi nyingi.

Ila jioni ile ya Jumamosi, vyombo vyake vikiwa vimerundikwa chini, aliniita.

"Mpaka wangu ni upi?"

Nikamwonyesha kigingi. Akakishika kichwa, akakitikisa.

"Hiki hakihami?"

"Hakihami, baba."

Akaenda akamleta mbuzi wake, akamfunga hapo, akavuta kamba kuona kama imeshika.